Nyumba Yenye Nilivukisha Mutoni

Sikuomba kuandika hii. Colette, binti ya dada yangu mudogo, ndiye ananifuata nyuma tangu Pasaka. "Mama mukubwa, andika habari ya nyumba yako, wamama ya parokia wanataka kuisoma." Kama wanataka, wavuke waione kwa macho. Iko hapa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya muto ya Kisangani, karibu na njia ya treni, haijakimbia. Mimi nilisoma kwa masista mpaka kitabu ya pili, kisha papa akasema samaki haiombi cheti, rudi ukaushe samaki. Mukono yangu imezoea mwiko na kasia. Kalamu iko nyepesi mno, inanitoroka. Lakini Colette ni mukaidi, na ukaidi ile hakuiokota njiani, aliipata kwetu. Basi ninaandika. Mwenye ataona makosa, anyamaze nayo.

Jina yangu ni Agathe Lifoko, mutu ya Yanonge, mutoto ya wavuvi. Wakati serikali ilisema tuache majina ya wazungu, kwenye karatasi nikabaki citoyenne Lifoko, ni kusema mwananchi Lifoko. Nyumbani nilibaki Agathe. Hakuna mutu alikuja kunitosha jina kinywani, kuliondoa.

Bwana yangu Faustin alifanya kazi kwa kiwanda ya nguo. Kwao ni Maniema. Alipata parsele, kiwanja ya kujenga, kule Mangobo, mutaa ya Kisangani, na nyumba tulijenga sisi wenyewe. Nikisema sisi, Faustin alipima kwa kamba na kusimama akitazama. Matofali nilipiga mimi. Udongo nilikanyaga mimi, na mayi ya kuulowesha nilibeba mimi kwa kichwa. Mungu hakutuachia mutoto, lakini nyumba ilisimama.

Kisha Faustin akafa, ugonjwa ya ini. Tuko bado kwa matanga, viti ya watu haijarudishwa, nikaona kaka yake Henri anazunguka nyumba. Anagusa mulango. Anagusa dirisha. Anatazama juu kuona kama bati iko na kutu. Nikamuita.

"Shemeji Henri, umepoteza kitu?"

"Hapana, shemeji. Ninaangalia tu mali ya ndugu yangu."

"Ndugu yako iko ndani ya sanduku, kule. Muangalie yeye."

Akacheka kidogo, ile kicheko ya mutu yenye anajua atashinda. Akaniambia kwamba siku nitatosha nguo nyeusi, familia itakaa kwa baraza. Nikikubali anioe, nitabaki. Nikikataa, nyumba inarudi kwa familia, na mimi ninarudi Yanonge na sufuria zangu. Ni desturi yao, na kwa wengi pale muji ilikuwa vile vile. Nikamuambia: "Henri, wewe unakoroma. Jana ulizidi kwaya." Wamama wakacheka ndani ya vitambaa yao. Lakini usiku ya siku ile sikulala, na si kwa sababu ya kwaya.

Kitu nilitaka ni moja tu, na usome vizuri hapa: nilitaka nyumba yenye hakuna mutu ataweza kunitosha ndani. Mwanaume mwingine sikumutaka, na kurudi kwa kaka yangu kukaa kwa kona kama kiti yenye muguu moja nilikataa.

Kila asubuhi nilikuwa ninauzisha chakula kwenye bandari ya baki, ile chombo kubwa ya chuma yenye inavusha magari mpaka Lubunga. Liboke, ile samaki ya kupikwa ndani ya majani, pondu ya majani ya muhogo, wali. Rafiki yangu Simone, mujane kama mimi, alivuka kila siku kutoka Lubunga, tukauzisha pamoja. Karibu na pale kulikuwa na hangari, ghala ya mufanyabiashara moja ya chumvi, mutu ya Isangi, citoyen Likaka. Mama yake alimuita Évariste, na mimi pia. Wafanyakazi yake walikula kwangu.

Siku moja ninaingia na beseni kwa kichwa, ninaona kitu. Kamyo ya mazutu, lori ya dizeli, ya zamani, sura yake imechoka. Lakini mugongoni imebeba nyumba! Nyumba ya kweli. Mulango na ufunguo yake. Kitanda, meza, kabati, jiko ya gazi, madirisha na pazia. Wazungu wawili, bwana na bibi, waliileta kwa njia ya Buta. Ile njia iliwaonyesha matope mpaka wakagombana, na walipofika Kisangani walimuuzishia Évariste na kupanda ndege, kila mutu na kiti yake mbali.

Nilisimama pale na beseni kwa kichwa, samaki inapoa. Nikawaza: nyumba hii, hakuna shemeji aligusa dirisha yake. Haisimami kwa parsele ya mutu. Mwenyewe akifukuzwa, anaondoka nayo.

Pesa nilikuwa nayo, ya samaki. Faustin hakuijua yote, Henri hakuijua hata kidogo. Juu ya pesa hiyo inatosha.

"Évariste," nikasema, "hii unauzisha?"

Akatazama nguo yangu nyeusi. "Citoyenne, leta mwanaume tuzungumze."

"Mwanaume yangu iko kaburini. Kama unataka kuzungumza naye, nitakuonyesha njia."

Wafanyakazi wakaangalia chini. Évariste akataja bei, bei ya gari yenye inaweza kufika Bunia na kurudi. Nikasema nitakuja na fundi.

Fundi ni Alexis, jirani yangu ya Mangobo, kijana muzuri, anatengeneza motere ya mazutu ya mashua na ya kamyo. Tulienda naye asubuhi. Alexis hakufungua kitu. Aliweka kwanza mukono juu ya bati ya mbele, akaitosha haraka.

"Papa Évariste, motere iko moto. Uliiwasha mbele ya sisi kuja?"

"Ee, niliichangamsha kidogo. Wageni wanapokelewa."

"Zima. Tutangoja ipoe."

Évariste akanung'unika kwamba yeye iko na kazi. Mimi nikakaa kwa ngazi ya nyumba, nikakula karanga. Niko na subira nikitaka, watu hawajui.

Ilipopoa, Alexis akasema washa. Alaa! Motere ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikatapika moshi nyeupe mpaka kuku ya hangari ikakimbilia barabara. Moshi ilikaa muda murefu, haikutaka kwisha. Alexis akafungua kifuniko ya mafuta, akaingiza kidole, akaniletea nione. Mafuta ya motere inapaswa kuwa nyeusi. Hii ilikuwa kama kahawa na maziwa.

"Mama Agathe, unaona? Mayi inaingia ndani ya mafuta. Kichwa ya motere imefunguka. Kwa barabara ya sawa itatembea. Ikipanda mulima itachemka kama sufuria."

"Unyevu hiyo!" Évariste akapiga kelele. "Unyevu ya Kisangani! Hata chumvi yangu inalowa ndani ya gunia!"

"Chumvi yako iko na motere?" nikamuuliza.

Alexis alilala chini ya gari, akagonga chuma na nyundo, akasema mifupa iko muzuri, kutu ni ya juu tu. Magurudumu imepasuka pembeni kama kisigino ya mutu ya shamba, lakini inashika pumzi. Bon. Yeye kazi yake ilikuwa chini. Mimi nikaingia juu.

Kazi yangu hakuna mutu alinifundisha, niliijua kwa kuishi. Mutumbwi uliooza unaujua kwa kisigino kabla ya macho. Nikavua viatu, nikakanyaga sakafu yote, kipande kwa kipande. Karibu na mulango ililegea. Fasi ingine ilinijibu vizuri. Nikaingiza ukucha kwa dari. Nikafungua kabati, nikaweka kichwa ndani, nikanusa. Chini ya kitanda nyuma kabisa kulikuwa na tangi ya mayi. Nikaagiza ndoo, nikaijaza mpaka juu ili nione kama bomba inatoa. Ilitoa. Kifuniko ya tangi haikuwa na mupira yake, kwa hiyo nikaiweka tu vile, inakaa kama kofia ya mulevi.

Kisha nikasema: "Tosha gari inje, mvua inakuja."

Évariste akashtuka. "Kwa mvua? Rangi itaharibika!"

"Kama rangi yake inaogopa mvua, ilipita wapi kule Buta?"

Akaitosha. Mvua ya Kisangani haikuchelewa, ikaanguka na nguvu yake yote. Mimi nikalala juu ya kitanda na nguo yangu ya matanga, nikangoja. Tone moja juu ya kabati. Tone ingine karibu na dirisha. Kwa kitanda, hakuna. Nyumba yangu ya Mangobo, na bati yake yote, ilikuwa inavuja kuliko pale. Nikasikia mvua inapiga juu, mimi ndani, mulango imefungwa na ufunguo iko mukononi yangu. Ile saa nilijua nyumba yangu ni hii.

Nikatoka. Alexis akanivuta pembeni. "Mama, acha. Hii ni maiti yenye wamevalisha vizuri."

"Motere ni maiti. Nyumba ni muzima."

"Sasa gari bila motere utafanya nayo nini?"

"Alexis, mwanangu, mimi nilikuambia ninataka kusafiri?"

Akafuta mafuta kwa vidole yake. Yeye anaona magurudumu tu, si kosa yake.

Nikarudi kwa Évariste, nikamuambia mbele ya watu, sikuficha kitu: motere yako iko mugonjwa, punguza bei. Akakataa. Motere safi! Aliapa kwa kaburi ya baba yake. Aliapa mara ingine kwa mama yake, na mama alikuwa muzima bado, anauzisha mihogo Isangi.

"Bon," nikasema. "Wewe ni mutu ya Isangi, mimi ni mutu ya Yanonge. Kama motere iko safi, tutauziana kama kwetu. Vukisha."

Hapa ninaeleza, sababu Colette anasema kuna wasomaji yenye hawatoki mutoni. Kwetu mutumbwi hauuzishwi kwa inchi kavu. Mwenye kuuzisha anaingia ndani, anakaa nyuma kabisa, pale mayi inakusanyika kwanza. Mwenye kununua anapiga kasia mpaka ng'ambo. Wakifika na muuzaji ni mukavu, bei ni yake, unalipa na unanyamaza. Akifika amelowa, anarudisha mutumbwi wake, ao mununuzi ndiye anataja bei, na muuzaji hana tena kinywa.

"Hii ni gari!" Évariste akasema. "Si mutumbwi, mama!"

"Inauzishwa kando ya muto. Panda. Baki iko pale, na ule mulima ya matope ya Lubunga iko ng'ambo. Kama motere inapanda pale, ninalipa bei yako yote, hapo hapo."

Wabeba muzigo walikuwa wamekusanyika, wamama pia. Simone iko na sauti ya kuita watu ng'ambo. Akaanza: "Aah! Muuzaji anaogopa mutumbwi yake!" Mwingine akadakia: "Mutu ya Isangi amesahau kuvuka! Abakosi imemusahaulisha!" Évariste alikuwa amevaa abakosi mupya, ile koti ya bila tai, ya rangi ya kijivu. Alitazama huku na huku. Kulikuwa pale na wateja yake ya chumvi, wanasikia. Akakubali. Nafikiri hata yeye alijiambia mulima ni fupi.

Évariste akaingia nyuma, akakaa kwa kitanda, juu ya tangi. Alexis akashika usukani. Mimi kando yake.

Tuko tunashuka kwenda kwa baki, nani huyu anakuja mbio? Henri. Wamemuambia kwamba mujane na nguo nyeusi ananunua kamyo.

"Shemeji! Shuka! Muke ya matanga hanunui kitu! Pesa hiyo ni ya ndugu yangu!"

"Ndugu yako aliuzisha liboke lini?"

"Unaaibisha familia!"

"Panda, Henri, kuna fasi. Nyuma kuna kitanda, utakoroma."

Hakupanda. Baki ikatoka, na yeye akabaki pale kando ya mayi akipiga mikono hewani, akaendelea kuwa mudogo, mudogo, mpaka majani yenye inaelea mutoni ikamuficha.

Katikati ya muto nilishika pesa yangu kwa nguvu. Sababu nilijua: kama motere inapanda ule mulima, pesa yote inakwisha kwa kitu yenye bei yake ni uongo, na nitakula nini? Ukisema bei utaifuata, utaifuata. Alexis aliniuliza kama ninaogopa. Nikamuambia aangalie mbele.

Tukafika Lubunga. Kutoka kwa baki unapanda udongo nyekundu, imesimama kama ukuta, na mvua ilikuwa imeipaka mafuta. Alexis akaweka gia ya kwanza. Gari ikalia, ikapanda. Ikapanda tena. Ikafika nusu. Nikafunga macho. Kisha nikasikia filimbi, kama ya treni, na bati ya mbele ikarusha moshi ya mayi mpaka hatukuona njia. Motere ikapiga mara moja, kama mutu anapiga meza na ngumi. Ikanyamaza.

Wavuvi wakakimbia na magogo, wakaziba magurudumu isirudi mutoni. Na nyuma tunasikia kelele: "Mama yangu ee! Mama yangu ee!" Mulango ikafunguka. Évariste akatoka. Gari ilipoinama, ile tangi yenye nilijaza ilirusha kifuniko yake na mayi yote ikaruka mpaka juu ya kitanda. Abakosi ilikuwa nyeusi na mayi kutoka kiuno mpaka viatu. Suruali inashuka. Inatiririka.

Pale bandarini ya Lubunga, wote ni watu ya muto. Hakuna mutu alihitaji kuelezwa. Walimutazama kutoka shingo mpaka viatu. Kisha muvuvi moja akasema polepole, "Amelowa," na ng'ambo yote ikalipuka. "Amelowa! Muuzaji amelowa!" Watu walishika mbavu. Hata watu ya baki waliacha kazi.

"Umeua gari yangu!" Évariste akanipigia kelele.

"Motere ilikuwa safi, uliapa. Kitu safi inakufaje kwa mulima fupi?"

"Mayi ulijaza wewe!"

"Ndani ya tangi. Hukuniambia kama tangi yako haina mupira. Sasa irudishe, ni haki yako. Chukua mutumbwi yako."

Akageuka, akatazama ule kamyo imelala katikati ya njia, na baki inapiga honi sababu magari ya kurudi imezibwa. Akaita wavuvi: "Sukumeni!" Hakuna mutu alisogea. Simone, yenye alivuka na sisi na beseni yake, akawauliza: "Wandugu, matako ya huyu papa, mnaona imekauka?" Wakasema hapana. "Basi kinywa iko ya nani?" Wakasema ya mama Agathe.

Nikataja bei. Bei ya nyumba, chumba moja na mulango na kitanda yenye imelowa. Motere nilimuachia, aje aitoshe siku anataka.

"Wewe ni mwizi, mama."

"Mwizi analipa? Nyosha mukono."

Akanyosha. Nikalipa mbele ya wote. Ndipo wavuvi walileta kamba yenye wanavuta nayo mitumbwi mikubwa, wakafunga, wakavuta, na Alexis akishika usukani na kutikisa kichwa. Waliivuta mpaka kwa parsele ya Simone, karibu na njia ya treni, na Simone akasema weka hapa, mimi pia nimechoka kukaa peke yangu.

Évariste alikuja kweli kutosha motere yake. Aliiuzisha wapi, kwa nani, sijui. Pale motere ilikuwa, sasa kuku yangu inataga. Fasi nzuri, nyoka haifiki.

Matanga ikaisha, nikatosha nyeusi. Nyumba ya Mangobo familia ya Faustin iliichukua, na matofali yangu ndani. Kisha Henri akavuka na binamu zake wawili, nguo ya sherehe, kuniambia kwamba vitu yote ya mujane ni ya familia, na gari pia. Mimi nilikuwa kwa ngazi yangu, ninasafisha pondu. Sikusimama.

"Ichukue, Henri. Iko na magurudumu. Sukuma."

Na wakasukuma! Sikuongopi. Walivua koti, wakaweka bega, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Magurudumu ilikuwa imezama nusu ndani ya udongo ya Lubunga. Bati ya mbele ikafunguka, kuku ikaruka kwa uso ya binamu moja, ikamukwaruza. Majirani walisimama kwa uzio, mikono mugongoni, hakuna yenye alisaidia. Wakaacha. Walipokuwa wanarudi mutoni, Simone aliwafuata mpaka mitumbwi akidai mayai yenye ilivunjika. Walilipa mayai.

Kwa hiyo niko hapa. Mvua inapiga juu, tone moja kwa kabati bado, niliiwekea kikombe.

Sasa wewe yenye umesoma mpaka hapa. Mukono inaniuma na sikuandika kukufurahisha. Katika nyumba yenye unalala leo, kuna muke alikanyaga udongo yake ao alibeba mayi yake. Inuka, weka hii karatasi chini, umuulize jina ya nani iko kwa karatasi ya parsele. Kama si yake, kesho asubuhi mushike mukono, muende pamoja kwa ofisi ya komini, ile serikali ya mutaa, iandikwe. Kisha uvuke, uje uniambie imeandikwa. Kama haijaandikwa, usivuke, ubaki ng'ambo yako.